UFUNGUO WA GARI LA CHAMA UKIPOTEA
Yapasayo kufahamika na makatibu na wanachama kuhusu kizuia-wizi cha injini

Ichukuliwe mfano wa chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho. Ni mwezi wa Novemba, ghala la chama limejaa na minada inaendelea. Gari dogo la mizigo la chama, ambalo lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika huko Japani, limeegeshwa mbele ya ofisi na magunia yamekwisha kupakiwa. Dereva anapapasa mfuko wa suruali na kukuta umetoboka. Ufunguo haupo. Unatafutwa kwenye mizani, kwenye kibanda cha mama lishe na njiani kote alikopita, hauonekani.

Katibu anamwita fundi wa kuchonga funguo kutoka sokoni. Fundi anafungua kitasa cha mlango, anasoma meno yake, anachonga, na kabla ya adhuhuri mlango unafunguka. Watu wanafurahi. Ufunguo mpya unaingizwa kwenye swichi, unazunguka bila taabu, stata inalia vizuri, lakini injini haiwaki. Inajaribiwa tena na tena mpaka betri inaishiwa nguvu. Wakati wote huo taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi inametameta.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema mafuta ni machafu, mwingine husema pampu imekufa, na wa tatu huanza kumtazama dereva kwa jicho la shaka, kana kwamba ameliharibu gari kwa makusudi. Kumbe gari halina ubovu wowote. Linafanya kazi ile ile iliyokusudiwa na walioliunda: limekataa kuwaka kwa sababu halikuutambua ufunguo lililopewa.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini shida yenyewe si ya kubuni. Magari mengi ambayo vyama hununua siku hizi yana kifaa cha kuzuia injini isiwake kwa ufunguo usiosajiliwa. Mafundi hukiita imobilaiza, na jina hilo ndilo litakalotumika hapa. Kifaa hiki ni rafiki wa chama kinachozitunza funguo zake, na ni mzigo mzito kwa chama kisichozitunza. Kwa hiyo ni vema kila katibu na kila mjumbe wa bodi aelewe jinsi kinavyofanya kazi, nini kifanyike ufunguo unapopotea, na jinsi ya kujikinga mapema na hasara hiyo.

UFUNGUO WA ZAMANI NA UFUNGUO WA SASA

Kwa miaka mingi ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma chenye meno na si zaidi. Aliyeweza kuiga meno hayo aliweza kuondoka na gari. Tena mwizi hakuhitaji hata kuyaiga: alivunja kifuniko cha chini ya usukani, akaunganisha nyaya za swichi, na injini ikanguruma.

Waundaji wa magari walitafuta njia ya kuufanya ufunguo uwe na siri isiyoonekana kwa macho. Miongoni mwa hatua za mwanzo ilikuwa ile ya gari la Kimarekani liitwalo Chevrolet Corvette la mwaka 1986. Ufunguo wake ulibandikwa kipande kidogo chenye ukinzani wa umeme wa kiwango maalumu, na viwango vilikuwa 15 tu. Gari lilipima ukinzani huo. Usipolingana na ule uliokuwa ukitarajiwa, lilikataa kuwaka kwa dakika kadhaa. Njia hiyo ilisaidia, lakini siri 15 si nyingi kwa mwizi mwenye subira.

Katika miaka ya 1990 ikaja njia ya sasa: chipu ndogo iliyofichwa ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo, inayozungumza na gari kwa mawimbi ya redio. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifanya imobilaiza kuwa jambo la lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, na Kanada ikafuata mwezi Septemba 2007. Huko Japani, ambako magari mengi ya Afrika Mashariki hutoka, kifaa hiki hakikuwekwa katika magari yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo sababu magari mawili ya aina moja na ya miaka inayokaribiana yanaweza kuwa tofauti: moja lina imobilaiza na jingine halina. Katibu asidhani kwamba yaliyolipata gari la chama jirani ndiyo yatakayolipata na la kwake.

JINSI IMOBILAIZA INAVYOFANYA KAZI

Kuizunguka swichi ya kuwashia gari kuna mviringo wa waya mwembamba. Ufunguo unapoingizwa na kuzungushwa, mviringo huo hutoa mawimbi dhaifu ya redio, kwa kawaida ya kilohezi 125 hivi. Mawimbi hayo yenyewe ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kuamka. Chipu haina betri yake. Ikisha kuamka, hujitambulisha. Kompyuta ya gari hulinganisha jibu lake na kumbukumbu iliyonayo. Jibu likiwa sahihi, injini huruhusiwa kupata mafuta na moto wa plagi. Likiwa si sahihi, au lisipokuwapo, ruhusa haitolewi. Yote hayo huchukua muda usiotimia sekunde moja, na dereva hajui kuwa kuna mazungumzo yaliyopita.

Chipu za mwanzo zilitamka namba ile ile kila siku. Zilizofuata ni za busara zaidi, na zinaweza kufananishwa na mlinzi wa ghala aliyepatana na katibu wake kanuni ya siri. Kila usiku mlinzi humwuliza anayekuja namba nyingine kabisa, na anayekuja hupaswa kuibadili namba hiyo kwa kanuni wanayoijua wawili tu. Anayesikiliza gizani atasikia swali na jibu la leo, lakini hayatamfaa kesho, kwa kuwa kesho swali litakuwa jingine. Hivyo ndivyo gari na ufunguo vinavyosemezana.

Katika maelezo hayo mna mambo manne ambayo wengi huyakosea.

Kwanza, kuchonga chuma hakutoshi. Meno ya ufunguo hufungua mlango na kuzungusha swichi. Chipu ndiyo inayoiruhusu injini. Ufunguo mpya hauna budi kuwa na vyote viwili.

Pili, betri ndogo iliyomo ndani ya ufunguo ni ya rimoti ya kufungia milango, wala si ya chipu. Betri hiyo ikiisha, milango haitaitika kwa mbali, lakini ufunguo ukizungushwa kwenye swichi injini itawaka. Hata yale magari ya kubonyeza kitufe huwa na njia ya dharura: katika mengi ya Toyota, ufunguo hugusishwa kwenye kitufe cha kuwashia huku breki imekanyagwa, ndipo gari huutambua ijapokuwa betri yake imekufa.

Tatu, kuchomoa betri ya gari na kuirudisha hakufuti imobilaiza. Siri za funguo huhifadhiwa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme wa kudumu. Anayeshauri betri ichomolewe usiku kucha ili gari “lisahau” anapoteza usiku wa watu.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: ufunguo uliopotea haufi. Gari bado linautambua. Atakayeuokota, au aliyeuiba, akilifikia gari hilo ataliwasha kama mwenye mali, na imobilaiza haitamzuia kwa lolote. Kwa sababu hiyo ufunguo unapopotea kuna kazi mbili: kupata mpya, na kuufuta wa zamani katika kumbukumbu ya gari. Vyama vingi hufanya ya kwanza na kuisahau ya pili.

KULITAMBUA GARI LENYE IMOBILAIZA

Ishara iliyo wazi ni taa ndogo kwenye dashibodi, mara nyingi nyekundu, yenye picha ya gari na ufunguo au kufuli. Katika magari mengi taa hiyo humetameta ufunguo ukiwa umetolewa, na huzimika ufunguo sahihi unapoingizwa. Ikiendelea kumetameta wakati wa kuwasha, gari halikuutambua ufunguo.

Ishara ya pili ni ufunguo wenyewe. Wenye chipu huwa na kichwa kinene cha plastiki. Baadhi ya funguo za Toyota zimepigwa alama kwenye chuma chake, kama vile nukta au herufi G, inayoonyesha aina ya chipu iliyomo. Alama hiyo yafaa inakiliwe katika kumbukumbu za chama, kwa maana siku ufunguo utakapopotea, alama nayo itakuwa imepotea.

Kabla ya kuamini kuwa imobilaiza imeharibika, jambo moja dogo lichunguzwe. Funguo mbili zenye chipu zikifungwa kwenye pete moja, ya pili yaweza kuvuruga mazungumzo ya ile ya kwanza, na gari likakataa kuwaka. Ufunguo mmoja na uondolewe kwenye pete, kisha ijaribiwe tena. Chama chenye magari mawili kisifunge funguo zake pamoja.

HATUA ZA KUCHUKUA UFUNGUO UNAPOPOTEA

Hatua ya kwanza ni kulilinda gari. Kwa kuwa ufunguo uliopotea bado unafanya kazi, gari lisiachwe pale pale bila mlinzi, hasa iwapo limeegeshwa mahali wapitapo watu wengi. Ikiwezekana betri ichomolewe. Hilo halitaifuta imobilaiza, lakini litamchelewesha mwenye nia mbaya.

Hatua ya pili ni kuzuia uharibifu. Usukani usivunjwe kwa nguvu, wala swichi isichokonolewe kwa bisibisi. Gari lililofungwa usukani lisivutwe kwa kamba, kwani magurudumu ya mbele hayatafuata njia. Na lenye gia za kujiendesha lililoachwa kwenye gia ya kuegeshea halipaswi kuburutwa kabisa. Kama hapana budi gari liondolewe, lipandishwe juu ya gari la kubebea.

Hatua ya tatu ni kutoa taarifa. Dereva aandike siku ile ile maelezo mafupi ya mahali na saa alipouona ufunguo mara ya mwisho. Katibu amjulishe mwenyekiti, kisha taarifa ya upotevu ipelekwe polisi, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Gari linapoibwa, kampuni za bima mara nyingi hudai kukabidhiwa funguo zote. Chama kisichoweza kueleza ufunguo wa pili uko wapi hujiweka mahali pa kutiliwa shaka.

Hatua ya nne ni kukusanya nyaraka: kadi ya gari, hati ya taarifa ya polisi, barua ya chama yenye mhuri, na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha matengenezo. Fundi mwaminifu atavidai vitu hivyo kabla ya kuligusa gari. Asiyeuliza lolote akafurahia malipo tu, na atazamwe vizuri: anayemtengenezea ufunguo kila aombaye bila kuuliza gari ni la nani, kesho atamtengenezea mwingine ufunguo wa gari hilo hilo.

Namba ya chesisi inakiliwe kwa usahihi, herufi kwa herufi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba ya chesisi fupi kuliko ile ya tarakimu na herufi 17 inayotumika katika magari ya masoko mengine. Tofauti hiyo humsaidia fundi kujua analo gari la namna gani, na humwepusha kuagiza chipu isiyolingana.

MAFUNDI NA NJIA ZAO

Kazi ya fundi hutegemea swali moja: je, umebaki ufunguo mwingine unaofanya kazi?

Kama umebaki, kazi ni nyepesi. Fundi huchonga chuma kwa kuuiga, kisha husajili chipu mpya kwa kifaa kinachochomekwa kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, au huinakili chipu iliyopo. Hapo yafaa ikumbukwe kuwa si kila ufunguo una mamlaka sawa. Katika magari mengi ya Toyota ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, funguo kuu zilikuwa na kichwa cheusi na ule wa ziada kichwa cha kijivu. Ule mweusi uliweza kutumika kusajili mwingine. Wa kijivu uliwasha gari, lakini haukuwa na uwezo huo. Chama kilichobakiwa na wa kijivu peke yake kina gari linalotembea, lakini hakina ufunguo wa kuzalia mwingine.

Kama haukubaki hata mmoja, kazi hugeuka. Kwa baadhi ya magari kifaa cha fundi huweza kuingia kwenye kumbukumbu na kusajili ufunguo mpya. Kwa mengine, kompyuta ya gari haina budi kufunguliwa, kumbukumbu yake kusomwa na kuandikwa upya na fundi umeme wa magari mwenye ujuzi. Njia nyingine ni kununua kutoka gari lililovunjwa seti kamili, yaani kompyuta, swichi na ufunguo wake vilivyozoeana, na kuvifunga vyote pamoja. Seti hiyo lazima ilingane na aina ya injini, na chama kidai risiti inayoonyesha ilikotoka, isije ikawa kimenunua mali ya wizi.

Ipo pia njia ambayo mafundi wengi huipendekeza kwa kuwa ni ya haraka: kuifuta imobilaiza kabisa. Gari huwaka kwa kipande chochote cha chuma chenye meno sahihi, na msafara huendelea. Bodi inayoshawishika na njia hii na ifahamu inachouza.

Wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard walichunguza athari za imobilaiza nchini Uholanzi, na katika matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2016 walikadiria kuwa kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari kwa asilimia 40 hivi kati ya miaka ya 1995 na 2008. Huko Marekani, ambako sheria haikuyalazimisha magari mapya kuwa na kifaa hicho, mambo yalionekana kwa upande wa pili. Magari mengi ya Kia na Hyundai yenye swichi ya kuzungushwa yaliuzwa bila imobilaiza. Kuanzia mwaka 2021 vijana walionyeshana kwa picha za video namna ya kuyawasha kwa kuvunja kifuniko cha swichi, na wizi wa magari hayo ukaenea katika miji mingi. Gari lililofutiwa imobilaiza hurudi katika hali ile ile ya magari hayo.

Kwa hiyo, ikiwa dharura ya msimu imelazimisha kifaa kifutwe, uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari, kampuni ya bima ijulishwe, na tarehe ya kukirudisha iwekwe. Lisifanywe kimya kimya kati ya fundi na dereva.

Njia yoyote itakayotumika, mapatano na fundi yaandikwe kabla ya kazi kuanza. Yataje idadi ya funguo zitakazotolewa, ambazo zisiwe chini ya mbili. Kwamba funguo zilizopotea zitafutwa katika kumbukumbu. Na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kila ufunguo kuwasha gari mbele ya mashahidi. Funguo zote zilizobaki zipelekwe kwa fundi siku hiyo, kwa sababu katika kufuta na kusajili upya, ule usiokuwapo huweza kufutwa pamoja na uliopotea. Bei iulizwe kwa mafundi wawili au watatu na majibu yawekwe kwenye jalada.

Imobilaiza si kinga kamili, na hili lisemwe wazi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA huko Marekani walionyesha kuwa aina moja ya chipu iliyokuwa ikitumika sana wakati huo, yenye siri ya biti 40, iliweza kuvunjwa na kuigwa. Tangu hapo vifaa vya kunakili chipu za aina nyingi vimekuwa vikiuzwa kwa mafundi, na ufunguo ukiwa mkononi kazi hiyo huchukua muda mfupi. Kwa sababu hiyo ufunguo usiachiwe mwosha magari wala asiyejulikana gereji bila mtu wa chama kuwapo. Mlinzi, taa na lango bado vina kazi yao.

NANI ALIPE?

Swali hili huvunja urafiki katika vyama. Kwa kawaida kidole cha kwanza huelekezwa kwa dereva, na wengine hupendekeza mara moja gharama ikatwe kwenye mshahara wake.

Bodi isikimbilie huko. Iangalie kwanza kama dereva alipewa utaratibu ulioandikwa wa kutunza ufunguo, kama palikuwa na mahali pa kuuacha baada ya kazi, na kama alitia sahihi ya kuupokea. Kisha ijiulize yenyewe: gari liliponunuliwa lilikuja na funguo ngapi? Magari mengi yaliyokwisha kutumika huwasili yakiwa na ufunguo mmoja tu, bila kile kibati kidogo chenye namba ya siri ya kuchongea ambacho hutolewa na gari jipya. Kama bodi ililipokea gari la namna hiyo na kuliingiza barabarani miaka mitatu bila kutengeneza ufunguo wa pili, basi mfuko uliotoboka ulimaliza kazi iliyokwisha kuanzwa na bodi. Kumtwisha dereva mzigo wote ni kumfanya mmoja alipe uzembe wa wengi.

Hiyo haina maana kwamba dereva hana wajibu. Aliyepewa utaratibu akaupuuza, au aliyemwazima mtu ufunguo bila idhini, ajibu kwa mujibu wa kanuni za chama na mkataba wake wa kazi, baada ya kusikilizwa. Lakini haki huanzia kwenye maandishi. Pasipo maandishi hubaki hasira tu.

DAFTARI LA FUNGUO

Wahenga wa biashara walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Chama huandika kila gunia na kila kilo. Ni ajabu kwamba ufunguo wa mali yenye thamani kubwa pengine kuliko zote katika ofisi hauandikwi popote.

Daftari la funguo ni rahisi kuanzisha. Ukurasa wa kwanza wa kila gari uonyeshe namba ya usajili, namba ya chesisi, kama lina imobilaiza au la, alama iliyomo kwenye chuma cha ufunguo, namba ya kibati kama kipo, na idadi ya funguo zilizopo. Kurasa zinazofuata ziwe na safu za tarehe, saa ya kutoa, jina na sahihi ya mpokeaji, saa ya kurudisha, na sahihi ya anayepokea.

Ufunguo wa akiba utiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kutiwa sahihi na mwenyekiti na katibu, uwekwe ndani ya kasha la fedha la chama, wala usiwekwe ndani ya gari lenyewe. Kila miezi mitatu ufunguliwe mbele ya mashahidi, ujaribiwe kuwasha injini, kisha ufungwe upya. Ufunguo wa akiba usiojaribiwa ni tumaini tu. Aidha, dereva anapoacha kazi, au bodi inapobadilika, funguo zihesabiwe na kuandikwa katika hati ya makabidhiano kama zinavyohesabiwa fedha.

Hali kadhalika chama kinapotaka kununua gari, swali la funguo liulizwe kabla ya malipo: ziko ngapi, kibati chake kiko wapi, na je, imobilaiza imekwisha kuchezewa? Muuzaji akitoa ufunguo mmoja, gharama ya wa pili ihesabiwe ndani ya bei ya gari, na utengenezwe kabla gari halijapakia gunia la kwanza.

Kurudi kwenye mfano wa mwanzo: mfuko wa dereva ungetoboka vile vile, na ufunguo ungepotea vile vile. Lakini kama wa pili ungekuwa ndani ya kasha, katibu angefungua bahasha, gari lingeondoka asubuhi ile, na fundi angeitwa baada ya msimu kwa kazi nyepesi ya kuufuta uliopotea na kusajili mwingine. Badala yake wanachama wamelipa gari la kubebea, fundi wa mbali, gari la kukodi, na siku za kungoja huku magunia yakiwa juani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kikao kijacho cha bodi, kabla ya ajenda nyingine yoyote, kila katibu na aweke mezani funguo zote za magari ya chama na kuzihesabu mbele ya wajumbe. Gari lolote litakaloonekana lina ufunguo mmoja, bodi iazimie siku hiyo hiyo kutengeneza wa pili, wakati wa kwanza ungali upo.